Droni ya dola 500 na kifaru cha mamilioni: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

Swali: "Assalaam alaykum. Nasomesha skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Sita wana mdahalo, na mada yao ni kwamba vifaru, mizinga na manowari vimekwisha kazi kwa sababu ya droni na makombora yanayolenga bila kukosea. Upande unaounga mkono wamekuja na video za simu, droni ndogo inateketeza kifaru kizima. Upande unaopinga hawana cha kujibu. Tunaomba utueleze vitu hivi vinafanyaje kazi, vinakosea wapi, na sisi watu wa visiwani vinatuhusu nini. Halafu kijana wangu ana droni ya kupigia picha za harusi, watu wanamtania kwamba anamiliki silaha. Kuna ukweli gani?"

Jibu:

Waalaykum salaam, mwalimu. Wanaopinga wana mengi ya kusema, ingawa na wenzao hawakuja mikono mitupu. Video hizo nyingi ni za kweli, ila zimechujwa: mrushaji akipoteza droni nne na ya tano ikapiga, tunaoneshwa ya tano. Taasisi ya RUSI ya London, inayochunguza mambo ya kijeshi, ilitoa taarifa Februari 2025 kuhusu vita vya Ukraine ikasema kati ya asilimia 60 na 80 ya droni ndogo za Ukraine za kujilipua hazifiki kwenye shabaha. Taarifa hiyohiyo ikasema droni ndizo zinazosababisha kiasi cha theluthi mbili ya hasara ya magari na mitambo ya Urusi. Waandikie wanafunzi habari hizo mbili ubaoni kabla hawajaanza kubishana. Zote mbili ni kweli, na mdahalo mzima umo humo.

Mada yenyewe ina kasoro moja: hakuna kombora lisilokosea. Lililopo ni kombora linalojisahihisha njiani, na kila kinacholisaidia kujisahihisha kina udhaifu wake.

Chukua roketi za zamani, kama zile za Katyusha zilizopata jina la Saba Saba katika vita vya Kagera vya 1978–79. Roketi ya namna hiyo hulengwa mara moja tu, kabla haijatoka kwenye bomba. Ikishatoka, upepo, joto la baruti na tofauti ndogo ya uzito huipeleka kila moja njia yake. Gari la Grad, BM-21, hubeba roketi 40 za milimita 122 na huweza kuzimaliza zote kwa sekunde 20 hivi, umbali wa kilomita 20. Ukiliweka Malindi, Unguja, roketi zake hazifiki Chwaka. Na huko zinakofika hazichagui nyumba. Zinatawanyika mtaa mzima, na ndiyo maana zinahitajika nyingi kwa mpigo.

Sasa linganisha na roketi ya GMLRS inayorushwa na gari la Kimarekani la HIMARS. Ina kipenyo cha milimita 227, urefu wa karibu mita 4, uzito wa kilo 300 hivi, na kichwa cha mlipuko cha kilo 90. Inakwenda zaidi ya kilomita 70, yaani kama kutoka Forodhani hadi Dar es Salaam. Gari linabeba 6 tu, na wahudumu ni watatu. Kabla ya kurusha, roketi hupewa viwianishi, yaani namba za ramani za mahali inapokwenda. Ndani yake mna jairo na vipima mchapuko vinavyohesabu kila sekunde imegeuka kiasi gani na imesogea kiasi gani. Hesabu hiyo peke yake huanza vizuri, lakini kosa lake hukua kadiri muda unavyopita, kwa hiyo GPS, mfumo wa satelaiti wa kujua mahali ulipo, huisahihisha. Puani kuna mapezi manne madogo yanayoielekeza. Mambo yakienda sawa, inaangukia ndani ya mita chache za pale ilipotumwa. Gari lenyewe linakuwa limeshaondoka, kwa sababu adui naye ana rada zinazofuatilia roketi hadi chanzo chake.

Yanayoharibika ni mambo matatu, na la kwanza ni mawimbi. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,000 juu, na ishara yake ikifika ardhini ni dhaifu mno. Mtambo wa kawaida wa kuvuruga mawimbi ulioko karibu huizidi nguvu kwa urahisi. Hapo roketi hubaki na jairo zake, na kosa linaanza kukua. Makombora ya mizinga ya Excalibur, ya milimita 155 na yenye GPS, yalianza vizuri sana Ukraine mwaka 2022, kisha usahihi wake ukaporomoka Warusi walipotandaza mitambo hiyo. Silaha ileile na wapigaji walewale. Kilichobadilika ni hewa waliyorushia.

La pili ni kwamba silaha hufika ilikotumwa, si ilikokusudiwa. Mei 7, 1999, ndege ya Marekani iliangusha mabomu ya kuongozwa na satelaiti mjini Belgrade. Mabomu yakapiga palepale yalipoelekezwa, na pale palikuwa ubalozi wa China. Waandishi watatu wa habari wa Kichina wakafa. Hakuna chombo kilichoharibika siku ile; aliyetafuta mahali pa kupiga ndiye aliyekosea. Agosti 29, 2021, droni ya Marekani mjini Kabul ilifuatilia gari moja kwa saa nyingi, waliokuwa wakitazama wakaamini ni la mlipuaji, wakalipiga. Wakafa raia kumi, saba kati yao watoto, na jeshi lenyewe likakiri baada ya wiki chache kwamba lilikosea. Mwanafunzi atakayesema usahihi umepunguza vifo vya raia aulizwe kwanza: usahihi wa chombo au wa aliyekituma?

La tatu husahaulika sana: ukubwa wa mlipuko. Kusini mwa Ukraine, karibu na Kherson, kulikuwa na daraja la Antonivskyi juu ya mto Dnipro, refu kupita kilomita moja. Kuanzia Julai 2022 Waukraine walilipiga mara kwa mara kwa roketi za HIMARS. Daraja halikuanguka. Kilo 90 hutoboa sakafu ya zege, haziangushi nguzo. Lakini roketi zilikuwa zikitua katika mstari mmoja kukatisha barabara, tundu kando ya tundu, hadi magari mazito yakashindwa kupita. Warusi wakageukia vivuko na mashua, navyo vikapigwa. Novemba 2022 wakaondoka ng'ambo ile ya mto, na walipokuwa wakiondoka wakalilipua daraja wenyewe. Huo ndio mfano ambao ningeupa uzito kuliko video yoyote ya kifaru, kwa sababu unaonesha silaha hizi zinashindaje. Haziui jeshi zima. Zinalinyima chakula, mafuta na risasi. Hata ghala za Warusi, ambazo mwanzoni zilikuwa karibu na reli na karibu na mizinga, zilipoanza kulipuliwa zikasogezwa nyuma. Lori lililokuwa likienda kilomita 30 na kurudi mara tatu kwa siku, ukilipeleka kilomita 90, linakwenda mara moja. Mizinga ipo vilevile, ila makombora ya kurusha yamepungua.

Sasa tuje kwenye droni, na hapa niseme jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: kilichobadilisha vita si mlipuko, ni jicho. Msururu wa kuona, kuarifu na kupiga si mgeni hata katika bahari yetu. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja alfajiri ikaikuta meli ya Kiingereza, Pegasus, iko bandarini Unguja inatengenezwa mitambo, ikaipiga ikazama. Kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia mtoni, na kwa mikoko ile hakuna aliyeweza kuiona kutoka baharini. Julai 1915 wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni zikawa zinapiga kitu zisichokiona, na ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikizunguka juu kuangalia makombora yanaangukia wapi na kutuma masahihisho kwa redio. Julai 6 walishindwa kuimaliza. Walirudi Julai 11. Ndege ya kuelekeza ikapigwa, na huku ikishuka mtazamaji wake akaendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg ikaisha. Wajerumani wenyewe wakaimalizia kwa kuilipua.

Kwa hiyo wazo lina zaidi ya miaka mia. Tofauti ni bei na idadi. Mwaka 1915 ilihitajika miezi, ndege chache zilizoletwa kwa meli, na uwanja wa kuzirushia. Leo kikosi kidogo cha askari kina droni ya dukani ya kupigia picha, na picha yake inafika kwenye kioo cha mpiga mzinga papo hapo. Kutoka kuonekana hadi kupigwa inaweza kuwa dakika chache. Wanafunzi wa Pemba wanaweza kuelewa nguvu ya jicho hilo bila kwenda vitani: kuanzia 2016, mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar ulirusha droni nyepesi za eBee, zenye uzito usiofika kilo moja, ukapiga picha Unguja na Pemba, na katika picha hizo paa la kila nyumba linaonekana. Ramani ile ni ya mipango miji na ya wakulima. Jeshi linataka picha ya namna hiyohiyo, ila mpya kila saa.

Mwaka 2020 Azerbaijan iliwaonesha watu jicho hilo likiungana na silaha. Katika siku 44 za vita vya Nagorno-Karabakh, ilirusha droni za Kituruki za Bayraktar TB2, zenye mabawa ya mita 12 na uwezo wa kukaa hewani zaidi ya saa 20, pamoja na droni za kujilipua za Kiisraeli. Ilirusha pia ndege kuukuu za Antonov An-2 kama chambo, ili rada za Waarmenia ziwake na zijulikane ziliko. Watu wakasema TB2 imemaliza vifaru. Miaka miwili baadaye, Ukraine, droni hiyohiyo ilitamba kwa majuma ya mwanzo tu. Warusi walipopanga vizuri ulinzi wao wa anga, TB2 ikawa kubwa mno na ya polepole mno kuruka juu ya mstari wa mbele. Wanaopinga waushike mfano huo.

Nafasi yake ikachukuliwa na hizo ndogo mnazoziona kwenye simu. Ni chombo cha mashindano ya kurusha kilichogeuzwa: fremu ya kaboni, mota nne, betri, kamera puani, na mrushaji aliyevaa miwani ya kuoneshea picha, akiwa kilomita kadhaa nyuma, mara nyingi ndani ya handaki. Inabeba kilo moja hadi tatu, inagharimu dola 400 au 500 hivi, na safari yake ni ya kwenda tu. Kama nne kati ya tano hazifiki, basi pigo moja limegharimu dola 2,500. Weka na mapigo matatu au manne, maana kifaru mara nyingi hakifi kwa pigo la kwanza: la kwanza hukikata mnyororo, la pili hutafuta mlango uliobaki wazi wahudumu walipokimbia. Bado hujapita dola 10,000, na kifaru cha kisasa ni mamilioni. Kwa hesabu hiyo kufeli kwa asilimia 80 si hoja ya kuikataa droni. Ni gharama ya biashara, na imeshalipwa ndani ya bei.

Lakini kwa nini hazifiki? Sababu ya kawaida ni kwamba redio inataka kuonana. Droni ikiwa juu, picha ni safi; ikishuka kupiga kitu kilicho chini, nyuma ya miti au mgongo wa ardhi, mawimbi yanakatika katika zile sekunde za mwisho ambazo mrushaji anazihitaji kuliko zote. Ndiyo maana hurushwa droni nyingine ikae juu na kupokezana mawimbi, na hiyo nayo ikidunguliwa kazi imekwisha. Baridi hula betri. Upepo, mvua na ukungu huzuia kamera. Usiku inahitajika kamera ya joto, na bei hupanda. Halafu kuna uvurugaji wa mawimbi, wa adui na wa wenzako: askari wa upande mmoja huwasha mitambo yao kujikinga na droni ya adui, wakaangusha ya kwao. Aliyedhani vita vya droni ni vya vijana wa michezo ya kompyuta ajue kwamba nusu ya kazi ni ya mafundi redio, kubadilisha masafa wiki hii kwa sababu adui ameyajua ya wiki iliyopita.

Mwaka 2024 Warusi walianza kutumia kwa wingi dawa ya uvurugaji: waya. Droni inabeba nyuma yake uzi mwembamba wa kioo wa aina ya mkongo wa mawasiliano, kilomita 10 au 20, na inauachia inavyokwenda kama mvuvi anavyoachia mshipi. Picha na amri zinapita ndani ya uzi, hakuna mawimbi ya kuvuruga wala ya kunusa. Waukraine wakaiga upesi. Hasara yake nayo iko wazi. Uzi na roli lake vina uzito, kwa hiyo mlipuko hupungua au droni hukua. Haiwezi kukata kona kali wala kurudi nyuma ovyo. Uzi hunasa kwenye miti na nyaya za umeme. Mashamba ya mashariki mwa Ukraine sasa yamejaa nyuzi hizo, na atakayerudi kulima atazikuta.

Kinga mojawapo ni ya kizamani kabisa: nyavu. Barabara za karibu na mstari wa mbele zimefunikwa juu na kando kwa nyavu zilizotundikwa kwenye nguzo, na baadhi yake ni nyavu kuukuu za wavuvi kutoka Brittany, Ufaransa. Panga za droni zikinasa, imekwisha. Vifaru navyo vimejengewa mapaa ya chuma na minyororo, vinatisha kwa ubaya wa sura, lakini dereva anayelipukiwa nusu mita nje ya chuma chake ana nafasi ya kuishi ambayo mwenzake hana.

Je, kifaru kimekufa? Hapana. Kimefukuzwa mahali kilipozoea kuwa. Ndani ya kilomita 10 hadi 20 kutoka mstari wa mbele, chochote chenye ukubwa wa gari kinachotembea mchana kinaonekana na kinapigwa. Vifaru hufichwa, hutoka kwa muda mfupi, hupiga kutoka mbali na kurudi. Askari hawaendi kwa mafungu makubwa. Wanakwenda wawili au watatu, wengine kwa pikipiki. Kuwatoa majeruhi kumekuwa kugumu mno, na hilo limeongeza vifo kuliko video zinavyoonesha. Hata hivyo Ukraine haijaacha kuomba vifaru na mizinga. Droni huua na huzuia, lakini haiwezi kukaa katika kijiji na kukatalia mtu asirudi. Na siku ya ukungu mzito, mzinga wa kawaida unapiga vilevile. Mapigo ya mbali ya kushtukiza nayo yapo: Juni 1, 2025 Waukraine walizitoa droni 117 ndani ya malori yaliyokuwa yameshaingia Urusi, zikachoma ndege za kivita viwanjani, hadi Siberia. Lile lilikuwa shambulio la maandalizi marefu. Halifanyiki kila juma.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanafunzi wanaweza kuifanya darasani. Droni ya Kiirani ya Shahed-136, ambayo Warusi wanaiita Geran-2 na sasa wanaitengeneza wenyewe, ina urefu wa mita 3.5, uzito wa kilo 200 hivi na mlipuko wa kilo 40 hadi 50. Injini yake ni ya pistoni, na kwa mlio wake Waukraine huiita mopedi, yaani pikipiki ndogo. Mwendo wake ni kama kilomita 180 kwa saa. Kwa mwendo huo, masafa ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni dakika 25. Si haraka, ndege ya abiria inaiacha mbali. Bei yake hukadiriwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora moja la kisasa la Patriot, la kudungulia vinavyokuja angani, ni karibu dola milioni 4. Ukizuia kila Shahed kwa Patriot, umefilisika kabla ya adui hajachoka. Kwa hiyo Ukraine imetandaza maelfu ya maikrofoni juu ya nguzo kusikiliza mlio, imeweka bunduki za rasharasha juu ya magari ya pikapu, na sasa inatengeneza droni za bei nafuu za kudungua droni. Warusi nao wakaongeza idadi: usiku wa kuamkia Septemba 7, 2025 walirusha zaidi ya 800, nyingine zikiwa chambo tupu za kumalizia risasi za mlinzi. Nyingi zilizuiwa. Lakini mlinzi anatakiwa afaulu kila mara, na mshambuliaji anatosheka na chache zilizopenya. Saudi Arabia iliyaona hayo mapema, Septemba 14, 2019, droni na makombora yalipopiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais, na nusu hivi ya mafuta yanayozalishwa na nchi ile ikasimama kwa muda, nchi yenye Patriot tele.

Sisi wa visiwani tutazame zaidi bahari. Ukraine karibu haina meli za kivita, lakini imeifukuza sehemu kubwa ya manowari za Kirusi za Bahari Nyeusi kutoka bandari ya Sevastopol, Krimea, hadi Novorossiysk, mbali zaidi upande wa Urusi. Meli kuu, Moskva, ilizama Aprili 14, 2022 baada ya kupigwa na makombora ya Neptune. Zikafuata boti zisizo na mtu. Magura V5 ina urefu wa mita 5.5, kama ngarawa, inabeba kilo 300 na ushei za mlipuko na inaongozwa kwa satelaiti. Usiku wa kuamkia Februari 1, 2024 boti kadhaa ziliizunguka meli ya makombora Ivanovets. Ya mwanzo ilipiga nyuma, penye panga na usukani, ili meli isiweze kukwepa. Zilizofuata zikalenga ubavu, na nyingine ikaingia palepale palipokwisha kutobolewa. Februari 14 ikazama Tsezar Kunikov, na Machi 5 Sergei Kotov.

Nahodha yeyote wa Mkoani ataona udhaifu wa boti hiyo. Kamera yake iko kimo kidogo tu juu ya maji. Kusi likivuma na mawimbi yakipanda, inaona maji matupu. Inategemea satelaiti, na satelaiti ikizimwa inaelea. Meli iliyo macho, yenye rada nzuri, taa, na bunduki zenye watu nyuma yake, inaweza kuivunja kabla haijafika. Warusi wamezivunja nyingi. Halafu boti ile haibebi askari, haisindikizi meli ya mizigo na haikai mlangoni mwa bandari miezi mitatu. Manowari haijakufa, ila imenyang'anywa raha ya kukaa karibu na pwani ya mtu mwenye hasira.

Kwetu jambo hili limeshafika, kwa njia ya bei. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli nyingi za mizigo ziliacha mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku kumi au zaidi. Rubymar ilipigwa kwa kombora Februari 2024 ikazama Machi. Tutor ilipigwa na boti isiyo na mtu Juni 12 mwaka huohuo, nayo ikazama. Manowari za Marekani zilikuwa zikidungua droni za Wahouthi kwa makombora ya karibu dola milioni mbili kila moja. Zilidungua nyingi sana, na bado makampuni mengi makubwa ya meli hayakurudi kwa muda mrefu, kwa sababu anayeamua ni bima, na bima haiangalii ngapi zimezuiwa. Kontena lililochelewa na lililolipiwa bima zaidi, gharama yake inaishia kwa mnunuzi wa Darajani. Na Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan siku kadhaa mfululizo, zikachoma ghala za mafuta na kugonga uwanja wa ndege, katika mji ambao watu walikuwa wameukimbilia kwa sababu ulikuwa mbali na mapigano ya vita vya ndani vya Sudan. Kama wanafunzi wanataka mfano wa Afrika na wa mji wa bandari, ni huo.

Ama kijana wako na droni ya harusi: si silaha, ingawa ndugu zake wa aina hiyohiyo wako vitani kama macho. Sheria za usafiri wa anga zinataka isajiliwe na apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na asiipeleke karibu na uwanja wa ndege, kambi ya jeshi wala ofisi za serikali bila ruhusa. Wakimtania, awaambie droni yake inamaliza betri kabla bibi harusi hajatoka ndani.